Wangapi Kati ya Wangapi

Ukimwambia Madam kwamba mvua imenyesha sana, atakuuliza: sana kuliko lini? Ukimwambia kwamba watu wa kijiji fulani ni wezi, ataweka kikombe cha chai chini, apanguse mdomo kwa leso, kisha aulize: wangapi? Na ukijibu kumi, usidhani umeponea. "Kumi kati ya wangapi?" Hapo ndipo watu wazima na akili zao walipokumbuka ghafla kwamba wameacha ng'ombe bila maji.

Alitoka upande wa Rongo, kwenye miwa, akaletwa kufundisha hesabu katika shule yetu ya sekondari iliyo kilimani juu ya Muhuru Bay. Umri wake sikuwahi kuujua. Aliwahi kusema kwamba umri ni namba isiyo na jirani, huwezi kuilinganisha na chochote, na sisi tukalichukua hilo kuwa jibu. Walimu wengine wa kike waliitwa Madam pamoja na jina. Yeye aliitwa Madam tu, na kila mtu akajua ni nani anayekuja.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu aliyeacha jiko likiwaka. Sketi zake zote zilikuwa na mfuko mmoja upande wa kulia, na mfuko huo ulikuwa mweupe kwa chaki hata siku za ibada. Saa yake aliivaa kwa ndani ya kifundo cha mkono, ili akiitazama usijue kama amechoka nawe au la. Kwa kawaida alikuwa amechoka nawe.

Alichotufundisha kwanza hakikuwa kwenye kitabu. Alichora mraba ubaoni, akaukata kwa msalaba katikati, akasema: hii ni nyumba ya vyumba vinne. Kila mtu lazima apate chumba chake, na hakuna mtu wa kulala vyumba viwili. Kisha nje ya nyumba, upande wa kulia na upande wa chini, akachora veranda. Kwenye veranda ndiko zinakokaa jumla. Ukitaka kujua uwezekano wa jambo, usikimbilie chumbani. Anza kwenye veranda uone watu wako wangapi kwa jumla, ndipo uingie ndani uone wangapi kati yao wamelala chumba unachokitafuta. Kwenye kitabu jambo hilo liliitwa jedwali la pande mbili. Kwetu sisi liliitwa nyumba ya Madam.

Nyumba hiyo ilimwingiza hata mwalimu wa Kiswahili. Yule bwana alikuwa mcheshi, mwenye tumbo la kuridhika, na aliamini kwa dhati kwamba timu yake ya mpira hushinda akivaa jezi. Siku moja Madam alimkuta akituhubiria habari hizo nje ya darasa, akamshika mkono na kumwingiza ndani, akampa chaki.

"Siku umevaa na wakashinda. Ngapi?"

"Nyingi, Madam! Mimi nimeona na macho yangu."

"Macho hayana jumla. Ngapi?"

Akahesabu kwa vidole, akasema sita. Siku amevaa na hawakushinda? Akakuna kichwa, akasema, kwa ukweli wa Mungu, hizo pia sita. Siku hakuvaa na wakashinda?

"Hizo siwezi kukumbuka," alisema.

"Ndio. Hizo hakuna mtu hukumbuka."

Walikwenda kuzitafuta kwenye kijitabu chake cha ratiba za mechi, maana mtu huyo aliandika kila kitu isipokuwa maandalio ya somo. Ikawa mara nne wameshinda bila jezi, mara nne wameshindwa bila jezi. Sita kati ya kumi na mbili, nne kati ya nane. Nusu kwa nusu pande zote. Madam aliitazama ile jezi aliyoivaa yule bwana kwa huruma, akasema, "Basi, mwalimu, hii inazuia baridi." Tulicheka mpaka darasa la jirani likaja kuchungulia dirishani. Lakini sikusahau alichosema baadaye, akifuta ubao: watu wengi huishi katika chumba kimoja cha nyumba yao, wakadhani hiyo ndiyo nyumba nzima.

Sokoni walimpenda na kumkimbia kwa wakati mmoja. Angesimama mbele ya fungu la nyanya na kumuuliza mwenyewe: zilizooza jana zilikuwa ngapi, na ulikuja na ngapi? Kuna mama mmoja aliyemjibu mbele yangu, "Madam, nunua ama uwache. Mimi si mtihani." Alinunua. Alinunua kwa huyo huyo miaka yote aliyokaa Muhuru, na wakawa marafiki wa kutembeleana, ingawa jibu la nyanya hakupewa mpaka leo.

Sasa, usidhani kwamba mtu wa hesabu ni mtu asiye na kombo. Madam alikuwa na kombo zake. Alikuwa Msabato wa damu: jua la Ijumaa likizama, chaki chini. Samaki kama mumi na kamongo hakuwagusa kwa kuwa hawana magamba, na akina mama wa ziwani walimsikitikia kwa hilo kuliko kwa kutokuwa na mume. Kitabu kilipotuambia turushe dadu, yeye alisema dadu ni chombo cha kamari na hakitaingia darasani mwake. Badala yake alileta soksi nyeusi ya kiume iliyojaa maharagwe mekundu na meupe, tukawa tunachomoa moja moja bila kutazama na kukadiria uwezekano. Soksi ya nani, hatukuthubutu kuuliza.

Halafu ziwa. Madam aliliogopa ziwa. Aliwahi kutuchorea nyumba ya vyumba vinne ya safari za boda boda na safari za boti, waliofika salama na wasiofika, kwa hesabu alizozikusanya mwenyewe kwa kuulizauliza watu, na boti ikaonekana kuwa salama zaidi. Mmoja wetu akamuuliza kwa nini basi yeye hapandi boti. "Nimeihesabu," alisema. "Bado naogopa. Hayo ni mambo mawili." Nilimpenda siku ile. Kabla ya hapo nilikuwa nikimheshimu tu.

Na kombo kubwa kuliko zote: Madam hakujua kuomba msamaha. Akikosea kusahihisha karatasi yako, angekurudishia na kusema, "Karatasi imerekebishwa," kana kwamba karatasi ndiyo iliyojikosea. Nasema haya kwa sababu ya jambo lililotokea mwishoni mwa kidato cha pili, lililokaribia kunitoa shuleni, na ambalo lilianzia mikononi mwake.

Darasani tulikuwa arobaini na wanane. Thelathini walitoka vijiji vya juu, mashambani. Kumi na wanane tulitoka ziwani, nami na Apondi tukiwa miongoni mwao. Apondi alikuwa jirani yangu nyumbani na jirani yangu kwenye dawati, na kwa hesabu alinishinda mbali, bila hata kujitahidi, jambo lililoniudhi. Muhula ule Madam alitupa mtihani mdogo kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa. Ilikuwa mitano. Ofisi iliamua kwamba wa kwanza, wa tatu na wa tano ndiyo itakayoingia kwenye ripoti. Wa pili na wa nne ilikuwa ya mazoezi tu.

Mkuu wa shule, mtu mwema aliyependa karatasi fupi, alimwomba Madam ampe picha ya darasa kwenye ukurasa mmoja. Madam akachora nyumba. Wa ziwani na wa juu; waliopita na walioanguka. Kwa mitihani ile mitatu, wa juu walipita ishirini kati ya thelathini: wawili kwa kila watatu. Wa ziwani tulipita sita kati ya kumi na wanane: mmoja kwa kila watatu. Hesabu ilikuwa safi. Ungeweza kuikagua asubuhi na jioni usipate kosa.

Mkuu alipeleka karatasi ile kwenye kamati ya shule. Kamati ikaona kwamba watoto wa ziwani wanaangushwa na ziwa lenyewe, kelele zake na mambo yake, na dawa ni kuwaondoa huko. Kuanzia Januari kila mtoto wa ziwani akae bwenini, la sivyo atafute shule nyingine. Tulipewa mpaka mwisho wa Februari. Nyumbani kwetu kitanda cha bweni kilikuwa ndoto. Mama alinilea peke yake kwa omena, dagaa wa ziwani, na nikiondoka nyumbani hata mikono ya kuianika ingepungua. Barua ya shule ya kumwita mzazi sikumpa Mama. Niliificha ndani ya gunia.

Apondi hakuficha. Alimpa bibi yake, bibi akalia, na wiki ya pili ya Januari Apondi akapelekwa kwa shangazi yake Magunga, kule Suba, akasaidie hotelini. Na hiki ndicho kilichoniuma, kinaniuma mpaka sasa: katika ile nyumba ya Madam, Apondi alikuwa ndani ya chumba cha waliopita. Alikuwa mmoja wa wale sita. Kamati haikuangalia vyumba. Ilisoma jina la mstari tu.

Madam alinisubiri na mzazi, mzazi hakuja. Basi akashuka mwenyewe. Ilikuwa asubuhi mapema, kabla ya kengele, na alikuja na viatu vyake vya kanisani kwenye mchanga. Nilimwona kutoka mbali na kutamani ardhi inimeze. Tulikuwa tumeinama, mimi na Mama na akina mama wengine, tukitandaza omena kwenye nyavu kuukuu, maana boti zilikuwa zimeingia na mzigo mkubwa, na omena haimsubiri mtu: isipotandazwa mapema na kugeuzwa, inaishia kuwa chakula cha kuku.

"Oyawore, nyar Rongo," Mama alimwamkia, kama walivyomwita huko, binti wa Rongo. "Karibu. Lakini usikanyage omena."

Madam akasimama kwa mguu mmoja kwanza, akitafuta pa kuweka mwingine.

"Mama, kila siku ni hivi?"

"Kila siku? Aa, hapana. Sasa ni giza. Omena inafuata taa ya boti, na taa inaonekana kama mwezi haiko. Mwezi ikikuwa kubwa, hiyo omena inatawanyika, maboti inapumzika, na sisi pia tunalala kama watu."

Madam alikuwa tayari kusema alichokuja kukisema. Nilimwona akikimeza.

"Na huyu mtoto, wakati wa giza, anaamka saa ngapi?"

"Saa kumi. Wote wanaamka saa kumi, watoto ya hapa. Kama hawaamki nani atatandaza? Wewe?"

Madam akanigeukia. Nilikuwa na magamba hadi kwenye nyusi. Darasani tulikuwa tukijipaka mafuta ya manukato kwapani na shingoni ili wa juu wasitusikie harufu, na sasa Madam alikuwa amesimama katikati ya harufu yenyewe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua, Madam," nikasema. Na ndio ulikuwa ukweli. Sikuwahi kufikiri kuna mtu asiyejua kwamba omena ni ya giza. Ni kama kumweleza mtu kwamba maji yanalowesha.

Aligeuza ndoo, akaikalia, viatu vya kanisani na vyote. Akaokota kijiti. Akamuuliza Mama kama anakumbuka muhula uliopita, Ijumaa ya mtihani wa kwanza, ilikuwa giza au mwezi? Mama hana kalenda, lakini hana pia haja nayo. Ijumaa hiyo ndiyo ile mvua iliyoozesha omena ya kila mtu: giza. Ya pili, wiki mbili baadaye, tulikuwa na matanga kwa kina Apondi na watu walitembea bila tochi: mwezi. Ya tatu, giza. Ya nne, mwezi. Ya tano, giza tena. Madam alichora mstari mchangani kwa kila moja. Mitihani ya ripoti, yote mitatu, ilikuwa imeangukia giza. Miwili ya mazoezi, ambayo hakuna mtu aliyeijali, iliangukia mwezi.

"Unachora nini kwa mchanga yangu?" Mama aliuliza.

"Kosa langu," alisema Madam.

Siku hiyo hiyo alifungua daftari la alama na kuchora nyumba nyingine, ya zile Ijumaa mbili za mwezi. Wa juu: ishirini kati ya thelathini, kama kawaida yao. Wa ziwani: kumi na wawili kati ya kumi na wanane. Wawili kwa kila watatu. Sawa na wa juu, unyoya kwa unyoya. Alinionyesha karatasi hiyo mimi wa kwanza, kabla ya mkuu, akaikunja na kuikunjua tena. Nilidhani amefurahi. Sasa najua alikuwa akimfikiria Apondi.

Mkutano wa wazazi ulifanyika wiki iliyofuata. Mama alivaa gauni lake la harusi za watu na kukaa mbele. Madam alisimama na zile nyumba mbili alizozichora kwenye karatasi kubwa.

"Mwaka jana nilileta jedwali hapa shuleni," alisema. "Hesabu zake zilikuwa sawa. Lakini nilikosea."

Nadhani mwalimu wa Kiswahili alijifinya kuhakikisha yuko macho.

"Lakini, Madam," mkuu alisema kwa upole, "namba si ni namba?"

"Namba ni majibu, bwana mkuu. Mimi niliuliza huyu mtoto anatoka wapi. Sikuuliza alilala saa ngapi. Nikalaumu watoto, na kosa lilikuwa la Ijumaa zangu."

Aliwaeleza polepole, kwa kijiti cha kuonyeshea ubao, mpaka mzee mmoja wa juu ambaye hajawahi kushuka ziwani akasema, "Kwa hivyo hawa watoto si wajinga. Ni usingizi." Madam akamwambia kwamba kamati nzima haijawahi kulisema vizuri hivyo. Amri ya bweni ikafutwa. Mitihani ya Ijumaa ikahamishiwa wiki za mwezi. Na kwa kuwa mtihani wa taifa wa kidato cha nne hauwezi kuombwa usubiri mwezi, akina mama walikubaliana papo hapo kwamba majuma yale watahiniwa walale, wao watatandaza kwa zamu. Nilibaki shuleni. Niseme wazi: kila kitu nilicho nacho leo kilitoka kwenye mkutano ule.

Apondi hakurudi. Tuliambiwa amekataa, amezoea kazi. Dawati letu nikabaki nalo peke yangu hadi mwisho.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Madam alibandika nyumba ya darasa letu kwenye ubao wa matangazo, kwa pini nne. Tukaenda kujitafuta. Wa ziwani: waliopita hesabu, kumi na watatu. Walioanguka, wanne. Kwenye veranda: kumi na wanane. Tuliihesabu mara mbili, kisha tukaangua kicheko. Kumi na watatu na wanne ni kumi na saba! Baada ya miaka minne ya kutunyanyasa, Madam ameshindwa na hesabu ya darasa la pili. Mkuu naye akatoka ofisini kumwambia kwa sauti ya chini, "Madam, hapa haijumliki."

"Najua," alisema, na akaiacha hivyo hivyo.

Miaka ikapita. Nilisoma mambo ya takwimu pale chuoni Rongo, karibu kabisa na kwao, na mara mbili nilikwenda kumsalimia nisimkute. Majirani walisema ameshastaafu lakini hakai nyumbani. Siku hizi kazi yangu ni kuzunguka zahanati za Homa Bay nikikagua hesabu za chanjo. Daktari akiniambia watoto wengi hawajachanjwa, mdomo wangu unauliza kati ya wangapi kabla sijaukataza, na nimeshaambiwa mara kadhaa kwamba nina kiburi. Si kiburi changu, ni cha kuazima.

Mwaka huu kazi ilinipeleka Magunga. Ilikuwa Jumatano alasiri, njaa imenishika, nikaingia kwenye hoteli ndogo yenye pazia la buluu. Watu wa chakula cha mchana walikuwa wameondoka. Nimeketi, nasubiri mtu aje, na kutoka chumba cha nyuma nikasikia:

"Kumi kati ya wangapi?"

Nilisukuma pazia. Wanawake watano walikuwa wameketi kwenye benchi na daftari mapajani, wawili bado na aproni, na mbele yao, kwenye kipande cha ubao kilichoegemezwa gunia la unga, ilikuwepo nyumba ya vyumba vinne. Madam alikuwa amepungua, na kichwa chake kimekuwa cheupe kama ule mfuko wa sketi. Aliitazama saa yake kwa ndani ya kifundo cha mkono.

"Umechelewa," aliniambia. "Keti."

Mwanamke mmoja akatoka jikoni akiwa na unga hadi viwikoni, akaniangalia, na kupiga ukelele uliowatoa kuku uani. Alikuwa Apondi. Hoteli ilikuwa yake sasa, shangazi amemwachia. Tulikumbatiana mpaka blauzi yangu ya kazini ikawa kama chapati.

Yeye ndiye aliyenisimulia, Madam akijifanya anafuta ubao. Wiki ile ile ya mkutano wa wazazi, Madam alipanda boti kutoka Muhuru hadi upande wa Suba, kwa kuwa barabara ilikuwa mbali na alikuwa na siku moja tu.

"Alitapika boti nzima," Apondi alisema. "Wavuvi walidhani anakufa. Akafika hapa, akaniambia amekosea, nirudi. Mimi nikakataa. Nilikuwa na hasira, wewe! Nikamwambia, kukosea kwako kumenifukuza, sasa pole yako itanifanyia nini? Akarudi na boti hiyo hiyo."

"Na ndio ikaisha?"

"Iishe aje? Alikuja likizo ya Aprili. Akaja Agosti. Akaja Disemba. Kila likizo, miaka yote hiyo. Hanisukumi, anakula chai, ananiachia maswali mawili kwa karatasi, anaenda. Nilikuwa nafungia mandazi hayo makaratasi. Siku moja nikasoma moja. Ilikuwa rahisi, nikakasirika, nikaifanya."

Wanawake kwenye benchi walicheka. Walikuwa wameisikia hadithi hiyo mara nyingi na walijua mahali pa kucheka. Madam alipostaafu, alianza kuja kila wiki, na mwaka jana Apondi akaufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa nje, miongoni mwa watoto ambao angeweza kuwazaa.

"Na hesabu?" nikauliza.

"C," alisema Apondi. "Madam anasema ingekuwa B kama singefungua hoteli asubuhi ya mtihani."

"Ingekuwa B," alisema Madam.

Kisha akaufungua mkoba wake na kutoa bahasha ya plastiki, na ndani ya bahasha karatasi niliyoitambua kabla hajaikunjua. Ilikuwa imekuwa ya manjano, na kwenye pembe zake kulikuwa na matundu manne ya pini. Wa ziwani, wa juu. Kumi na watatu, wanne, kumi na wanane. Alisema matokeo yametoka siku nyingi, lakini jambo hili linahitaji shahidi wa darasa lile, na alijua siku moja kazi yangu itanileta Magunga. Uwezekano wake alikuwa ameukadiria. Akampa Apondi kalamu.

"Madam, niko na unga."

"Unga haujawahi kuharibu hesabu."

Apondi akaweka karatasi juu ya meza, akakata kumi na tatu kwa mstari mmoja, na kando yake akaandika kumi na nne. Kidole chake kiliacha alama nyeupe ndani ya chumba cha waliopita. Hakuna aliyeipangusa. Madam alivaa miwani, akaweka kidole chake kwenye chumba cha kwanza, kisha cha pili, kama mtu asiyemwamini yeyote.

"Kumi na nne na nne?"

"Kumi na nane!" tulijibu wote, wanawake wa benchi, mimi na Apondi, kwa sauti ya darasani.

Kidole kikateleza hadi kwenye veranda, kikasimama juu ya ile namba tuliyoicheka.

"Jumla," alisema Madam, na machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyajali, "hiyo sikuikosea."